Mvua ya Pongwe

Habari ya kifo cha Mzee Kalisto niliisoma kwenye simu, katikati ya picha za mafuriko. Ilikuwa asubuhi ya masika, na kundi letu la wapenzi wa reli lilikuwa limechangamka kama kawaida yake siku za mvua. Mtu wa Korogwe katuma picha ya maji yaliyofika kwenye ngazi za stesheni. Mtu wa Muheza kalalamika kwamba machungwa yanaozea shambani, gari haziingii. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, ambaye nadhani hajawahi hata kulala Tanga, kauliza kama treni ya mizigo imepita au imezuiliwa. Kisha ukaja ujumbe wa Athumani wa Pangani, mtupu, hauna picha: "Mzee Kalisto wa Pongwe ametutoka alfajiri hii. Mazishi kesho saa nane mchana." Zikafuata pole, zikafuata vile viso vya manjano vinavyolia, na baada ya robo saa mtu mwingine akatuma picha ya kichwa cha treni kikipasua maji, watu wakarudi kwenye maji. Sikuwalaumu. Wao walimjua kuwa ni jina linalotuma kipimo cha mvua ya Pongwe kila asubuhi. Mimi nilimjua zaidi ya hapo, na kwa miaka karibu ishirini nilikuwa nikimkimbia.

Na Pongwe si mbali. Mtu akipanda gari mjini na andazi mkononi, anashuka hajalimaliza. Mzee Kalisto aliishi pale kwa binti yake Agnesi tangu alipoumia mguu, na kila siku ujumbe wake ulikuwa wa kwanza kufika: "Tanga, hapa Pongwe. Ishirini na kitu. Njoo siku moja tule muhogo." Nami hujibu, "Imepokelewa. Shikamoo mzee. Wiki ijayo nitakuja." Wiki ijayo yangu haikuwahi kufika. Nilikuwa na visingizio vya kila rangi: kazi, homa, mgeni, mvua yenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa naye ana kwa ana, sahani moja katikati yetu, aniulize jambo moja tu. Sasa hataniuliza tena, na nilipoisoma ile habari, kabla ya huzuni nilipata nafuu. Nimelisema na limetoka. Huzuni ilikuja jioni, na haijaondoka.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi ya mapokezi kwenye gesti moja ya Ngamiani, kuanzia mchana, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mwanahamisi, kwenye kota za reli nyuma ya stesheni. Kuta za nyumba ile zilikuwa nene, kazi ya watu waliodhani hawataondoka, na dari lilikuwa na madoa ya maji yaliyoongezeka kila masika. Nililala chali nikiyatazama mpaka nikayajua moja moja. Chumbani nilikuwa na kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa, na dirisha linalotazama njia ya treni. Sebuleni kwa Bi palikuwa na benchi refu la mbao lililotoka kwenye chumba cha kusubiria abiria, na saa ya ukutani ambayo aliitanguliza dakika tano makusudi kwa sababu, alisema, abiria wa Tanga ni wazembe. Abiria wenyewe hawakuwapo. Mwaka ule mzima treni haikupita hata moja. Majani yaliota katikati ya reli, mbuzi wakaota jua juu ya mataruma, yale mapao ya chuma yanayobeba reli, na wanawake wa kota wakaanika udaga wa muhogo pale ambapo zamani watu walikuwa wakiagana.

Bi Mwanahamisi alikuwa opereta wa simu za reli miaka yake yote ya kazi. Enzi hizo kila stesheni ilitoa mvua asubuhi: mtu anakwenda kwenye kipimo, anapima maji yaliyoingia tangu jana, anapiga simu Tanga, na Bi anaandika, ili wakubwa wajue tuta lipi limelowa na daraja lipi la kuogopwa. Kazi ikaisha, treni zikasita, lakini yeye hakuacha kupokea mvua. Walikuwa wamembakia watu watatu. Wa kwanza ni Mwalimu Hiza wa Muheza, ambaye hakuwahi kuajiriwa reli hata siku moja, ila alizijua namba za vichwa vya treni kama wenzake wanavyojua majina ya wachezaji. Wa pili ni Athumani, wa kwenye kivuko cha Pangani. Wa tatu ni Mzee Kalisto, nyapara mstaafu wa genge la kutengeneza njia, aliyekuwa bado anaishi peke yake kwenye nyumba ya kambi, mbele ya Pongwe kama unakwenda Muheza, karibu na kalavati linalopitisha maji chini ya reli. Athumani alitaniwa kila siku, maana Pangani haikuwa na reli jana wala leo.

"Hivi nyinyi Pangani mna stesheni gani?" Mwalimu humuuliza.

"Tuna hamu," Athumani hujibu. "Si watu wamekaa wanangoja? Basi hiyo ndiyo stesheni."

Walizungumza wote kwa pamoja, na namna Bi alivyowaunganisha sijaiona kwingine. Alikuwa na simu mbili za tochi, na ya tatu ilikuwa yangu. Aliziweka kwenye sinia la bati, mdomo wa hii kwenye sikio la ile, sauti zimefunguliwa mpaka mwisho, na sinia likavumisha kila neno. Muheza akawa anazungumza na Pangani kwa kupitia mezani kwetu, Pongwe akiwa pembeni, na Bi ameketi katikati na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akiwakatiza anapotaka. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, ndiyo maana kalamu ilikuwa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyetoka uani kusoma kipimo cha shaba, mimi ndiye niliyeandika kwenye daftari.

"Tanga, hapa Muheza."

"Sema, Muheza."

"Kumi na nane, Bi. Na machungwa yamepukutika. Upepo wa jana hauna adabu."

"Watoto wamekwenda skuli?"

"Wamekwenda, viatu mkononi."

"Pangani je?"

"Ishirini na mbili, Bi, alhamdulillahi. Mto umekuwa chai ya maziwa. Kivuko kimesimama, na ng'ambo kuna bibi harusi anatupigia kelele."

"Mwambieni avumilie, ndoa yenyewe ni kuvumilia. Pongwe?"

"Thelathini na kitu," husema Mzee Kalisto, polepole, na nyuma yake unasikia jogoo.

"Andika thelathini," Bi huniambia. "Hicho kitu mwachie mwenyewe."

Kisha hawakati. Wataulizana nani kaumwa, dagaa wamepanda kiasi gani, taruma lipi limeibwa wapi, na kichwa namba fulani kilichopinduka zamani kilipinduliwa na mvua au na pombe. Nilikuwa nawacheka moyoni. Watu wazima, treni hawana, wanapima maji ya reli iliyolala. Lakini saa ile ikipita, sinia likirudi kabatini na Bi akienda kujinyoosha, nyumba ilikuwa inanyamaza mno. Sikuwa na rafiki mjini. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa benchi la nyuma, nikarudi bila mtu kunijua jina. Nilichokuwa nacho ni Joeli, mchumba wangu, aliyekuwa akisoma Arusha. Alikuwa amesema atakuja na mshenga wake tuipange posa. Alisema Krismasi, halafu akasema Pasaka. Katikati ya hapo simu zake zilipungua, na mimi nikawa nalala na simu chini ya mto, nikiamka kuitazama kama mama anavyomtazama mtoto mgonjwa.

Mzee Kalisto nilimwona mara ya kwanza mwezi wa pili, wakati wa jua kali. Alitokea kwenye njia ya reli, kwa miguu kutoka kambini, gunia la muhogo begani na fimbo mkononi: mzee mrefu, mkavu, masikio makubwa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Wazazi wake walikuja kukata mkonge kutoka mbali, naye alizaliwa na kukulia kambini, akatoka kambi ya mkonge akaingia kambi ya reli. Nilimwuliza kwa nini hakupanda gari. "Barabara ni ya wenye haraka, mama," alisema. Alimwita mama kila mwanamke, hata mimi. Bi alisonga bada, ugali wa muhogo, siku hiyo, akaunga mchuzi wa papa, na mzee alikula taratibu, akisifu kila tonge. Baadaye akanionyesha ile fimbo, kwa maana ndiyo kipimo chake: kambini kile cha shaba kiliibwa siku nyingi, yeye hutega kopo la samli juu ya kisiki na kuzamisha fimbo hii, aliyoichonga alama kila baada ya milimita kumi, akilinganisha na rula ya mjukuu.

"Na maji yakiwa katikati ya alama mbili?" nilimwuliza.

"Hapo ni kitu. Nasema ishirini na kitu, thelathini na kitu."

"Si ukadirie tu, mzee? Useme ishirini na tano."

Aliniangalia kwa upole, kama mtu aliyesikia mtoto akitukana bila kujua. "Sijaiona hiyo tano, mama. Nitaisemaje?"

Mchana ule nilijilaza chumbani kabla ya kwenda kazini, mlango nimeurudisha tu, nao wakabaki sebuleni kwenye lile benchi. Nilisikia mzee akiuliza, "Huyu mtoto mbona mpweke hivi?" Bi akasema, "Anangoja mtu." Kisha Mzee Kalisto akasema, bila kebehi yoyote, "Afadhali sisi tunaongoja treni. Reli tunaiona." Nilizika uso kwenye mto. Nilimchukia kwa siku nzima, kisha nikagundua kwamba ndiye mtu pekee katika mji ule aliyeuliza habari zangu.

Masika yalipoanza, Bi akapata nafasi ya kufanyiwa macho Moshi. Alikwenda kwa basi, na aliona haya mpaka akavaa baibui jipya kama anayekwenda kumsalimu mke mwenza, kwa sababu barabara inaambatana na reli sehemu nyingi na yeye hakutaka ionekane anaipita njia yake kwa matairi. Aliniachia sinia, simu zake zote mbili, na daftari. Mlangoni alinishika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Asiyepiga, apigiwe. Akipigiwa asipokee, aendewe. Hata kama ni wewe peke yako, hata kama unaona uvivu. Hii mvua unaidhani ya reli?"

"Ndiyo, Bi."

"Haya, idhani hivyo hivyo, lakini fanya nilivyokwambia."

Siku tatu za mwanzo nilifanya. Nilisema "Sema, Muheza" kwa sauti nzito na nikajiona opereta. Jumatatu jioni Joeli akapiga. Alisema yuko njiani na mshenga, wamelala Korogwe kwa sababu ya mvua, kesho Jumanne watafika, niwe nyumbani. Usiku ule mvua ilinyesha kama iliyoagizwa. Asubuhi kipimo cha uani kilikuwa na hamsini kamili, uwanja wa stesheni umekuwa bwawa, na mimi nimeamka mapema kuosha vikombe na kukaanga vitumbua. Muheza akapiga: arobaini. Pangani akapiga: hamsini na tano. Pongwe hakupiga. Nikampigia, simu haipatikani. Nikajiambia hana umeme, huchajisha simu dukani Pongwe, na mvua hii nani atakwenda dukani. Nikampigia tena, haipatikani. Nikaitazama simu mkononi nikafikiri: Joeli akipiga sasa hivi atakuta inatumika. Nikaiweka chini.

Nilijua sheria. Sitajitetea kwamba nilisahau. Aendewe, alisema Bi, na gari za Pongwe zilikuwa bado zinatoka mjini. Lakini ningekwenda Pongwe, halafu niingie kwenye tuta kwa miguu katika mvua, halafu nirudi, na Joeli afike na mshenga wake akute mlango umefungwa? Muheza ilikuwa arobaini, Tanga hamsini, na Pongwe iko katikati. Mwalimu alipouliza, "Pongwe anasemaje?" jibu lilitoka lenyewe.

"Arobaini na tano."

Athumani akacheka upande wa pili wa sinia. "Arobaini na tano? Leo mzee kapata macho mapya. Salimia sana."

Nikaandika. Nilikaa dirishani na vitumbua vyangu mpaka saa ya kazi, nikapiga simu gesti kusema naumwa, nikakaa tena mpaka giza. Joeli hakuja. Usiku alituma ujumbe mfupi kwamba njia ni mbaya, wamegeuza, tutazungumza. Jumatano asubuhi Pongwe hakupiga tena. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa kulia, na sasa jambo lenyewe lilikuwa gumu zaidi, kwa maana nikisema leo hayupo wataniuliza jana ulizungumza naye saa ngapi. Nikampigia mara moja tu, haipatikani. Muheza thelathini, Tanga thelathini na nne. Nikasema Pongwe thelathini na mbili. Uongo wa pili ulikuja bila hata kuitwa.

Alhamisi asubuhi Bi alirejea, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe, la pili bado lina utando. Hakuvua hata baibui. Alikaa kwenye benchi, akaomba chai, akasema nimsomee mvua ya siku alizokuwa hayupo. Nilisoma nikiwa nimesimama. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, aliitikia kwa kichwa. "Jumanne. Muheza arobaini. Pongwe arobaini na tano."

"Ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Endelea."

"Jumatano. Muheza thelathini. Pongwe thelathini na mbili."

Aliweka kikombe chini. Sikuwahi kuona uso wake ukiwa vile. "Kalisto nimempokea mvua tangu hujazaliwa," alisema. "Hajawahi kunipa tano. Hajawahi kunipa mbili. Stela, mvua hii umeipika."

"Bi, nilimpigia hakupatikana, nikaona..."

"Usiniambie ulichoona. Vaa viatu."

Tulikwenda. Nilimwambia apumzike, jicho lake bado bichi, akatangulia kutoka. Pongwe tuliwapata vijana wawili wa dukani wenye mwili, tukapanda tuta la reli, kwa sababu kwingine kote kulikuwa maji matupu na vilele vya migomba. Bi alinishika bega, lakini baada ya hatua chache akaniachia. "Mataruma nayajua," alisema, na kweli alitembea juu yake hatua kwa hatua bila kujikwaa, mzee mwenye jicho moja bovu na jingine limefungwa, na mimi mwenye macho mawili nikawa nateleza nyuma yake. Kalavati lilikuwa limechukuliwa na maji. Reli zilining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Nyumba ya kambi ilikuwa upande wetu, mlango wazi, ukuta una mstari wa tope uliokaribia kimo cha kitanda.

Alikuwa kitandani, kwenye kona iliyobaki na ukavu, mguu umevimba na kugeuka upande usio wake. Aliteleza Jumanne asubuhi, akienda kwenye kopo. Alijivuta mpaka ndani kwa mikono. Simu ilizama. Alikuwa ametafuna muhogo mbichi na kunywa maji ya mvua yaliyovuja kutoka kwenye bati, aliyoyakinga kwa kofia.

"Nani?" aliuliza.

"Tanga," Bi alisema.

Akafumba macho. "Tanga mko hai?"

"Tuko hai."

"Nilijua nisipotoa mvua mtakuja," alisema, sauti imekauka. "Siku ya kwanza nikasema, wanakuja. Siku ya pili nikasema, maji yamewazuia. Jana usiku nikasema basi, mji umezama, hawa wamekufa wote. Nikawasalia rozari." Kisha akaniona mimi nyuma ya Bi. "Hata wewe, mama, nilikusalia."

Sikusema neno. Ningesema pale ningekuwa mtu mwingine leo. Vijana walimbeba kwa mlango uliong'olewa, na mimi nikabeba fimbo yake. Hospitali daktari alituambia mfupa umekaa muda mrefu mno bila kushughulikiwa, utaunga lakini vibaya, na ndivyo ilivyokuwa: hakurudi kambini tena, alikwenda kwa Agnesi na magongo yake mawili. Bi hakunisema kwa mtu. Hakunigombeza hata mara moja, na ningeshukuru angenigombeza. Alichofanya ni kuchukua kalamu. Jicho lilipopona akawa anasoma kipimo mwenyewe, anaandika mwenyewe, na saa moja asubuhi nilisikia sinia likivuma sebuleni nikiwa nimelala nayatazama madoa ya dari. Sikualikwa na sikujialika. Joeli alioa Arusha kabla mwaka haujaisha. Mwezi wa kumi na mbili nikahamia chumba kingine, Chumbageni, ambapo kwenye dari hakukuwa hata na doa la kulitazama.

Bi alipofariki, miaka mingi baadaye, aliacha neno kwamba daftari nipewe mimi. "Mpeni Stela, anajua sababu." Ndivyo nilivyorudi kwenye mvua. Simu za kisasa zikaja na makundi yake, wapenzi wakaongezeka, treni za mizigo nazo zikarudi njiani, na kila asubuhi mimi ndiye ninayekusanya namba na kuzipanga: Muheza, Pongwe, Pangani, Tanga. Sijawahi tena kupika hata moja. Lakini zile mbili zilibaki kwenye ukurasa wake, kwa mwandiko wangu wa ujana, na kila niliposoma "na kitu" ya Mzee Kalisto nilijiuliza kama anajua.

Mazishini nilikaa na wanawake, mbali. Baada ya watu kupungua Athumani alinijia. Naye amekuwa mzee sasa, ndevu nyeupe, na bado anataka reli ifike Pangani. Tulizungumza habari za kivuko, za mvua, za marehemu. Kisha akacheka peke yake. "Unakumbuka alipovunjika? Nilikwenda kumwona pale hospitali nikamwuliza, mzee, wewe uko kitandani huna simu, ile arobaini na tano ulitutoleaje? Akanyamaza hivi. Halafu akaniambia, niliitoa mwenyewe, kabla sijaanguka. Nami nikaamini."

"Na ya Jumatano?" nilimwuliza.

"Ya Jumatano nilimtajia tu, sikumwuliza," Athumani alisema. Aliniangalia kidogo, kisha akatazama chini. "Alikuwa amechoka."

Agnesi alinipikia muhogo wa nazi. Nilikula kwenye baraza ile niliyoahidi kufika kila wiki, kiti cha mzee kimeegemezwa ukutani, magongo yake yote mawili yako pembeni, kopo la samli juu ya kisiki limejaa maji ambayo hakuna aliyeyapima. Agnesi alisema baba yake alikuwa akisoma majibu yangu kwa sauti. "Alikuwa akisema, Stela anakuja wiki ijayo." Kisha akaingia ndani akatoka na madaftari ya shule, manne, yamefungwa kwa uzi wa gunia. Sikuwa najua kwamba naye alikuwa akiandika. Miaka yote ile, kila siku, kwa penseli, herufi kubwa kubwa: kumi, ishirini na kitu, hakuna, thelathini na kitu. Nilitafuta mwaka ule. Nilidhani nitakuta nafasi wazi, siku tatu tupu, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo.

Hazikuwa wazi zote. Alhamisi ilikuwa tupu. Lakini Jumanne palikuwa pameandikwa 45, na Jumatano 32, kwa mkono wake, penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikaacha alama nyuma. Katika madaftari yote manne hakuna tano nyingine, wala mbili nyingine. Mtu ambaye hakuweza kusema namba asiyoiona alikuwa ameziandika zangu mbili, ili siku daftari lake likiwekwa karibu na la Bi, yakubaliane. Alijua tangu hospitali. Alijua na kila asubuhi akaniita tule muhogo. Nililia mbele ya Agnesi kwa sauti, naye akadhani ni msiba, akanishika mabega.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilisoma kipimo changu, nikakaa kitandani na simu, nikapanga namba zilizokuja. Muheza kumi na sita. Pangani ishirini na moja. Tanga ishirini na nne. Nikatuma. Haikupita dakika, yule kijana wa Dar es Salaam akauliza, "Pongwe je, shangazi?" Nikaandika kwamba Pongwe hakuna mtu. Akajibu haraka, na kiuso kinachocheka: "Weka katikati ya Muheza na Tanga tu, nani atajua?"

Nikaandika tena, "Pongwe hakuna mtu," nikatuma.